Sehemu C: Eleza Historia Yako ya Kitaaluma

(kwa maneno yasiyozidi mia nne)

Jina: Nyemo Chidawali.
Kidato cha nne, Mvumi. Cha sita, Msalato.
Shahada ya kwanza, jiografia na hisabati, hapa Dodoma,
kule kilimani ambako upepo wa Agosti
huingia na vumbi mpaka kwenye karatasi ya mtihani.
Uzamili palepale: sayansi ya tabianchi.
Somo la takwimu nililirudia mara moja. Sifichi.

Fomu hainiulizi nilianzia wapi.
Nilianzia nyuma ya ofisi ya walimu, Handali,
penye uzio wa waya na mkebe wa shaba uliochimbiwa ardhini.
Kila saa tatu asubuhi mama aliinama,
akamimina mvua ya jana kwenye bilauri ya kipimo,
akaipandisha usawa wa jicho,
akaandika kwa penseli, maana wino hauaminiki mvuani.
Posho ilikuja ilipopenda.
Siku kavu aliandika sifuri.
"Nenda kaangalie hata kama unajua," alisema.
"Sifuri ni kazi. Sifuri maana yake mtu alikwenda."

Ninachotafiti: ukavu wa katikati ya msimu.
Si ule ukame mkubwa unaoletewa magari yenye bendera.
Nasema zile siku kumi na mbili za Februari,
uwele ndio kwanza unatoa masuke,
anga jeupe kama sahani iliyolambwa,
kisha mvua inarudi na adabu zake zote
na jumla ya mwaka inasomeka vizuri tu,
milimita mia tano na sabini,
huku kilindo ukikigonga kinakujibu.
Wastani hushibisha ripoti.
Haujawahi kusonga ugali.

Nimeingiza madaftari arobaini kwenye kompyuta.
Mengine mchwa wamekula ukingo wa Aprili.
Moja lina deni la sukari katikati ya milimita.
Penye nafasi tupu, programu inadai tarakimu:
hasi tisini na tisa nukta tisa.
Ni msimbo tu. Maana yake hakuna aliyepima.

Katika daftari la Handali,
miaka kumi na tisa ya mwandiko wa mama,
pengo ni moja.
Januari kumi na nne, mwaka wa Elinino.
Siku niliyozaliwa.

Msimamizi wangu, Dakta Semgalawe, anajua kuziba:
chukua Mvumi, chukua Kikombo, piga uwiano,
modeli haipendi matundu.
Nikampigia mama.
"Ilinyesha," alisema.
"Ilinyesha mpaka mkunga akaja na viatu mkononi.
Nadhani mkebe ulifurika.
Lakini sikwenda kuangalia.
Usiandike nilichosema."

Basi sikuandika.
Kwenye jedwali langu mimi ni
hasi tisini na tisa nukta tisa,
na sababu nimeiweka kwenye tanbihi
ambayo mtahini wa nje aliizungushia wino mwekundu:
*Binafsi mno.*

Kwa uzamivu naomba kusoma mapengo.
Ni siku zipi watu hawaendi kuangalia?
Siku ya msiba. Siku ya uchungu.
Siku korongo limejaa na shule iko ng'ambo.
Kama mvua kubwa ndizo zinazokosa shahidi,
basi miaka yote hii tumekuwa tukihesabu upole wake,
tukajenga madaraja kwa hesabu hiyo.

Sijui jibu. Ndiyo maana naomba.

Wadhamini wawili:
Dakta Semgalawe, anwani ya chuo.
Bi. Wendo Mbeleje, Handali, hana baruapepe.
Mpigieni baada ya saa tatu.